Jinsi Aina Mpya ya Stroberi Inavyopatikana na Kutambulikana

Katika shamba la chuo chetu cha ualimu, mahali penye baridi, palikuwa na tuta moja la stroberi, lenye matunda makubwa na matamu. Mwaka mmoja tuliona yafaa kuliongeza. Wanafunzi walichagua matunda yaliyo bora, wakaondoa mbegu zake, wakazipanda kwa uangalifu, ikaota miche 43. Ilipozaa, hapakuwa hata mmoja uliofanana na mama yake. Mingine ilitoa matunda madogo kama punje za mahindi, mingine machachu, na mingine ilikuwa majani matupu. Wanafunzi walidhani ya kuwa tumewadanganya. Kosa lilikuwa letu waalimu, maana tulipanda kwa mbegu mmea ambao mkulima haupandi kwa mbegu.

Kila mkulima wa muhogo ajua jambo hili, ijapokuwa hajui sababu yake. Akitaka muhogo ule ule, hukata kipande cha shina na kukipanda. Stroberi nayo hutoa kamba nyembamba zitambaazo juu ya ardhi, na katika ncha ya kila kamba huota mche mdogo wenye mizizi. Mche huo ni mama yule yule katika mwili wa pili. Lakini mbegu ni mtoto wa wazazi wawili, naye hurithi huku na huku. Kwa hiyo atakaye kuihifadhi aina hupanda miche ya kamba, na atafutaye aina mpya hupanda mbegu.

Hata stroberi kubwa tunazoziona sokoni leo, zile zilimwazo Limuru na penginepo, ni watoto wa wazazi waliotoka mbali. Mwaka 1712 Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alimtuma mhandisi mmoja, Amédée-François Frézier, kwenda Chile na Peru kuchungulia ngome za Wahispania. (Jina lake latamkwa karibu sawa na neno la Kifaransa la mche wa stroberi, lakini alizaliwa nalo, hakulipata kwa safari hii.) Huko Concepción aliona stroberi kubwa kupita zote za Ulaya, ambazo wenyeji walikuwa wakizilima tangu zamani. Akachukua miche. Safari ya kurudi ilikuwa ya miezi sita baharini, na maji ya kunywa yalikuwa haba; alipofika Ufaransa mwaka 1714 miche mitano tu ilikuwa hai.

Miche ile ilistawi, ikatoa maua, isizae. Sababu yake mlimaji wa mipapai ataifahamu mara moja. Stroberi za Chile kwa kawaida zina miche ya kiume na miche ya kike mbali mbali, na Frézier, kwa kuwa alichagua iliyokuwa na matunda makubwa, alikuwa amechukua ya kike mitupu. Ilikaa hivyo miaka mingi, mpaka watunza bustani wa Brittany walipoipanda karibu na stroberi nyingine iliyotoka Virginia, Marekani ya Kaskazini. Hapo ikazaa. Mbegu za ndoa hiyo ndizo zilizoleta stroberi ya leo. Aliyetambua wazazi wake ni kijana Antoine Nicolas Duchesne, naye aliandika habari zake katika kitabu cha mwaka 1766, kabla hajatimiza miaka 20.

Duchesne alionyesha asili ya mmea, lakini kuchagua kulifanywa zaidi na wakulima. Michael Keens, mkulima wa mboga na matunda huko Isleworth karibu na London, alipanda mbegu, akachagua, akapanda tena mbegu za iliyochaguliwa, na mwaka 1821 akaonyesha stroberi iliyosifiwa sana, ikawa nyanya wa aina nyingi zilizofuata.

Na sasa tueleze kazi yenyewe. Mzalishaji hachukui wazazi wowote. Hutazama kasoro ya huyu na kutafuta mwenzi wa kuiponya: kwa mfano huyu ana utamu lakini tunda ni laini mno halifiki sokoni, yule ni mgumu lakini hana harufu. Hulifungua ua la mama kabla halijachanua, akaondoa kwa kibanio kidogo viungo vyote vya kiume, akalifunika kwa mfuko wa karatasi ili nyuki asimtangulie. Ua likiwa tayari, hulipaka kwa brashi laini unga wa ua la baba, akalifunika tena na kufunga kibandiko chenye majina ya wazazi wote wawili. Kibandiko hicho wanafunzi hukidharau, na bila hicho kazi yote ni bure. Baada ya mwezi hivi tunda huiva. Vile vidonge vidogo vilivyo juu ya ngozi, ambavyo twaviita mbegu, kwa kweli ndivyo matunda yenyewe, kila kimoja na mbegu yake ndani. Ile nyama nyekundu ni kitako cha ua kilichovimba. Mbegu hutawanywa juu ya udongo laini bila kufukiwa, kwa kuwa zahitaji mwanga.

Kisha huja kutupa. Katika miche elfu kadhaa huenda ikabaki michache tu, nayo huzidishwa kwa kamba na kujaribiwa miaka mingi mahali mbali mbali. Aina iitwayo Elsanta ilitokana na ndoa ya Gorella na Holiday iliyofanywa Wageningen, Uholanzi, mwaka 1975, nayo ilifika kwa wakulima miaka kadhaa baadaye.

Inabaki kuieleza, na hapa ndipo fedha za mkulima zilipo. Mzee mmoja jirani ya chuo aliuziwa miche kwa jina kubwa. Ilipozaa matunda duni alirudi kwa muuzaji, akaambiwa, "Ndiyo hiyo hiyo." Hakuwa na maandishi ya kuishindania. Kwa mapatano yaliyofanywa Paris mwaka 1961, ambayo Kenya iliyaingia mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2015, aina mpya hapana budi iwe tofauti na zijulikanazo, miche yake ifanane yote, na isibadilike izidishwapo. Maelezo husema: je, mche umesimama au umetambaa? Maua yako juu ya majani au yamefichwa chini yake? Tunda ni la umbo gani? Vidonge vimezama katika ngozi au vimetokeza?

Katika miche yetu 43 tuliuhifadhi mmoja. Mwanafunzi aliyepewa kuueleza aliandika, "Ni mzuri, mwekundu, mtamu sana." Tulimrudisha shambani, tukamwagiza aupande kando ya mama yake na autazame upya. Siku ya tatu alileta karatasi iliyojaa pande mbili, na katika mstari wa kwanza aliandika ya kuwa vinyweleo vya kikonyo cha jani la mama vimesimama wima, na vya mtoto vimelala kuelekea juu.