Je, Wajua? Lumbwa, Jina Lililokuwa Tusi

Je, wajua ya kuwa Wakipsigis, wenyeji wa Kericho na Bomet, waliandikwa katika madaftari ya serikali ya kikoloni kwa jina la Lumbwa, ambalo wao wenyewe hawakujiita asilani? Asili yake ni Kimaasai, na Wamaasai, ambao kwao ng'ombe ndiyo heshima ya mtu, walilitumia kwa dharau kuwaita wafugaji walioinama kushika jembe. Wazungu wakalipokea pasi na kuuliza maana, nayo, kwa rai yangu, ilikuwa dhuluma. Hata reli ilipopita kuelekea Kisumu, ilikofika mwaka 1901, stesheni mojawapo ya njiani ikabandikwa tusi hilo hilo, mpaka ilipokuja kuitwa Kipkelion.