Fomu Inayojazwa na Mtu Mwingine

Mkopo wa elimu ya juu, ajira serikalini, usajili wa jina la biashara: maombi yote hayo mkazi wa Ujiji anatakiwa kuyatuma mtandaoni. Kwa mji ulio karibu na mwisho wa Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, huo ni unafuu mkubwa. Lakini kijana asiyeona anaweza kujikuta safari yake imeishia steshenari.

Kompyuta haimshindi. NVDA, programu inayosoma kwa sauti maandishi ya kwenye skrini, ilianzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona. Hutolewa bure, na sauti ya Kiswahili inayo. Kinachomkwamisha ni tovuti iliyojengwa bila kumfikiria. Kisanduku cha kujaza hakina maelezo, kwa hiyo hajui kama anaulizwa jina au tarehe ya kuzaliwa. Tangazo limepigwa picha na kubandikwa, programu haipati hata neno la kusoma. Kisha anaambiwa anakili herufi zilizopindapinda kuthibitisha kwamba yeye ni binadamu. Basi humwomba mhudumu amjazie, akimtajia namba ya kitambulisho cha taifa, nenosiri na kipato cha wazazi wake, huku waliopanga foleni wakisikia. Mimi nauita huo ubaguzi. Neno usumbufu halitoshi.

Sheria ipo. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inaitaja intaneti waziwazi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi afikishe asilimia tatu ya wenye ulemavu. Watafikaje, ikiwa fomu ya maombi haijaziki?

Anayekosekana ni wa kuibana tovuti yenyewe. Mwaka 1999, Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, aliilalamikia kamati ya maandalizi ya Olimpiki ya Sydney kwa sababu tovuti yake haikusomeka. Kamati ilijitetea kwa gharama. Tume ya haki za binadamu ikaukataa utetezi huo, ikaipa kamati muda wa kurekebisha; ilipokaidi, ikaamriwa kumlipa dola 20,000 za Australia. Marekani nako, mwaka 2019 mahakama ya rufaa iliamua, katika shauri la Guillermo Robles dhidi ya Domino's Pizza, kwamba sheria ya ulemavu ya mwaka 1990 inazihusu pia tovuti na programu za simu za kampuni hiyo.

Kwetu, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko. Njia ya Mahakama Kuu ilifanywa kuwa nyembamba zaidi: marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka anayedai haki za msingi aeleze alivyoathirika yeye binafsi. Tukitegemea malalamiko tu, mzigo unamrudia kijana yuleyule wa steshenari.

Ningependa ukaguzi uanze kabla ya madhara. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, iweke sharti kwamba mkandarasi hapati malipo ya mwisho mpaka mtu asiyeona ameijaza fomu peke yake, kuanzia kujisajili hadi kutuma. Wa kupima hawatafutwi mbali. Kabanga, wilayani Kasulu, kuna shule ambayo kwa miaka mingi imepokea watoto wasioona na wenye ualbino. Waliosoma huko waitwe, wafanye kazi hiyo, na walipwe.