Makupa: Tuta Lililoziba Bahari, Daraja Lililoifungua

Reli ilipofika Thika mwaka 1913, kahawa ya Thika na Ruiru ilipata njia ya kufika melini. Mabehewa yalipita Nairobi, yakashuka nyika ya Tsavo, na kabla ya kuingia kisiwa cha Mombasa yakavuka mlango mwembamba wa bahari uitwao Makupa. Mlango huo umevukwa kwa njia nne tofauti katika muda wa miaka 126. Anayejenga au kuishi kando ya mito yetu huku juu, Thika na Ruiru, ana mengi ya kujifunza kutokana na historia hiyo.

Njia ya kwanza ilikuwa ya mbao. Mwaka 1896 wajenzi wa Reli ya Uganda walianza kutandaza reli kisiwani, na kabla ya kwenda popote iliwabidi wavuke maji. Walisimamisha daraja la muda lenye urefu wa zaidi ya mita 500, ili vyuma na vibarua vipite bara. Mbao hazidumu katika maji ya chumvi, kwa kuwa wamo viumbe wa baharini wanaozitoboa hadi zikawe kama sega. Ndiyo maana daraja hilo lilifuatwa na la chuma, lililoitwa Salisbury kwa jina la waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo.

Madaraja hayo mawili yalikuwa na sifa moja kubwa: yalisimama juu ya nguzo. Reli ilipita juu, maji yakapita chini.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaja njia ya tatu, nayo ilikuwa tofauti kabisa. Badala ya nguzo, mawe na udongo vilimwagwa baharini hadi likainuka tuta, na juu yake barabara na reli zikapita. Kwa jicho la mhandisi wa zama hizo, faida zilikuwa wazi. Tuta haliozi kama mbao wala halishiki kutu kama chuma, na hubeba mzigo mzito bila kutetereka. Lilibeba karibu kila kitu kilichoingia na kutoka kisiwani kwa upande wa Nairobi.

Gharama yake ililipwa na bahari. Mombasa imezungukwa na hori mbili: Tudor upande wa kaskazini na Port Reitz upande wa kusini-magharibi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Hapo awali maji ya hori hizo yalikutana Makupa. Mkondo ulileta maji mapya na kuondoka na taka. Tuta lilipokatiza mkondo, maji yalipoa. Maji yanayokwenda mbio hubeba tope, na yakipoa hulitua. Kilichotuama hapo hakikuwa na wa kukiondoa.

Madhara yake yalionekana mwaka 1988, mafuta mazito yalipomwagika katika hori ya Makupa na kuua mikoko. Mahali penye mkondo wa nguvu, bahari husaidia kusafisha. Pasipo na mkondo, mafuta hujipenyeza kwenye tope na kukaa miaka. Kando ya tuta hilohilo palikuwa na jaa la Kibarani, ambalo kwa miongo mingi lilipokea taka za jiji hadi lilipofungwa.

Njia ya nne ilifunguliwa Agosti 2022: madaraja pacha ya barabara yenye urefu wa mita 457, kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 4.5. Msongamano wa magari ulipungua, lakini mimi naheshimu zaidi shabaha nyingine ya kazi hiyo: kuondoa tuta ili maji yapite tena. Wahandisi walirudi kwenye wazo la mwaka 1896, yaani nguzo, ila safari hii kwa zege. Nchi ilichukua zaidi ya miaka 90 kulirekebisha kosa hilo.

Sasa turudi nyumbani. Mto Ruiru na mto Ndarugu hupeleka maji Athi. Chania huungana na mto Thika karibu na hoteli ya Blue Posts, kisha maji hayo huenda Tana. Barabara Kuu ya Thika, iliyozinduliwa mwaka 2012, huvuka mito hii kwa madaraja. Hatari ninayoiona iko kwenye vijito vidogo vya mitaani, ambako watu humwaga udongo bondeni, huweka kalvati moja nyembamba, kisha huita hilo barabara.

Hesabu yake ni nyepesi. Ukiipunguza nafasi ya maji kwa nusu huku maji yakibaki yaleyale, lazima yapite kwa mwendo maradufu. Yakishindwa, yatapanda nyuma ya tuta na kuingia majumbani. Yakiweza, yatachimba msingi hadi barabara ikatike. Isitoshe, kalvati hupimwa kwa maji ya mvua kubwa, hata kama kijito ni kikavu mwezi Februari. Mhandisi anaposema "mafuriko ya miaka 100" hana maana kwamba yatakuja baada ya karne. Ana maana kwamba kila mwaka yana nafasi ya asilimia 1 ya kutokea, na yanaweza kuja miaka miwili mfululizo.

Wajenzi wa tuta la Makupa hawakuwa na sheria ya kuwazuia. Sisi tunazo. Kanuni za Kenya zinataka ukingo wa mto uachwe wazi kwa mita 6 hadi 30, na tangu mwaka 1999 sheria ya mazingira inataka miradi mikubwa ipimwe athari zake kabla ya kuanza, wananchi wakitoa maoni yao.

Kwa hiyo, ukiona lori likimwaga udongo kwenye kijito cha mtaa wako, usiulize tu barabara itakamilika lini. Uliza maji yatapita wapi, na udai jibu kabla lori la pili halijafika.