Sifuri Haianzi Kidato cha Nne
Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yaliitikisa Tanzania: takriban watahiniwa 6 kati ya kila 10 walipata daraja sifuri, yaani walifeli. Serikali iliunda tume, na Mei matokeo yakafutwa ili yapangwe upya.

Lakini mzizi wa tatizo uko mbali na chumba cha mtihani. Katika shule nyingi za msingi za serikali mtoto husoma kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, fizikia na jiografia anafundishwa kwa Kiingereza. Wengi hukariri wasichokielewa, na aibu huwazuia kuuliza.

Hapo ndipo pa kuwaokoa. Mzazi, usingoje matokeo ya Taifa: fungua daftari la mwanao muhula huu, akueleze somo kwa maneno yake, kisha kamwone mwalimu.