Mwanafunzi wa Uingereza Boston: Pa Kulipa na Pa Kubana

Kijana wa Leeds au Cardiff akipata nafasi ya kusoma Boston, hesabu mbili huzipiga mapema: ada na tiketi ya ndege. Zinazomkamata ni nyingine kabisa, yaani gharama ambazo Uingereza hazipo, au zipo ila zimemezwa ndani ya bei asizione. Wazazi Waswahili mnaoishi Uingereza na mlio na mtoto anayeomba chuo Marekani, gharama hizi zipigieni hesabu kabla mkataba wowote haujasainiwa.

Swali la kwanza ni anakwenda kwa njia ipi. Akienda kubadilishana kwa mwaka mmoja, chuo chake cha England kinaruhusiwa kumtoza asilimia 15 tu ya ada ya kawaida. Kwa mwaka wa masomo 2025/26 ada ya juu ni pauni 9,535, kwa hiyo atalipa takriban pauni 1,430. Akienda kuchukua shahada nzima, mkopo wa serikali ya Uingereza haumfuati ng'ambo, na ada ya vyuo binafsi vya Boston hupita dola 60,000 kwa mwaka. Hapo ndipo watu hukosea: huomba chuo cha jimbo kwa sababu jina lake halitishi, kumbe vyuo vya majimbo huwapa wageni msaada mdogo sana. Harvard na MIT hupima uwezo wa familia, hata ya kigeni, kisha hulipa pengo lililobaki. Kwa familia ya kipato kidogo, Harvard ikikukubali inaweza kuwa nafuu kuliko chuo ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Viza si kitu cha kuumiza kichwa. Ombi ni dola 185, na ada ya usajili wa wanafunzi wa kigeni ni dola 350 kwa F-1, viza ya masomo, au dola 220 kwa J-1, viza ya kubadilishana. Aina ya viza hufuata fomu utakayotumiwa na chuo.

Sasa bima ya afya, ambayo ndiyo mzigo wenyewe. Aliyezoea NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, anaingia kwa daktari bila pochi. Dawa akiandikiwa England hulipa pauni 9.90 kwa kila aina, na Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini halipi kitu. Gari la wagonjwa halimletei ankara. Boston gari hilo hilo lina bei, na chumba cha dharura cha hospitali kina bei ya kukufanya upone ghafla. Massachusetts humlazimisha mwanafunzi wa muda wote kuwa na bima, na chuo humwandikia ya kwake moja kwa moja kwenye ankara ya muhula. Wengi huiona, hushtuka, hukimbilia bima ya wasafiri ya bei poa iliyonunuliwa London wakidhani wataomba kuondolewa ile ya chuo. Haitakubalika: kampuni za bima za nje ya Marekani hazihesabiwi, wala huduma ya taifa ya nchi nyingine. Utakuwa umelipa mara mbili.

Katika majimbo yasiyo na sheria hiyo, uchaguzi huenda upo, lakini usome masharti kwa makini. Ada ya mwezi isikudanganye. Kinachopima bima ni kiasi unachotoa mfukoni kabla haijaanza kulipa, unachochangia kila ukimwona daktari, na kama hospitali iliyo karibu nawe imo kwenye orodha yao. Mwenye J-1 ana kiwango cha chini kilichowekwa na serikali: bima ilipe angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, na yeye asitoe zaidi ya dola 500 kwanza. Ushauri wangu ni kuchukua bima ya chuo bila kubishana, kisha kuitumia kwa akili. Anza kwenye zahanati ya chuo. Ikiwa imefungwa, nenda kliniki za huduma ya haraka, na chumba cha dharura uwaachie wenye dharura kweli. Meno na macho mara nyingi hayamo kwenye bima, kwa hiyo ziba meno na utengeneze miwani kabla ya kuondoka nyumbani.

Makazi yanafuata. Bweni la Uingereza kwa kawaida ni chumba chako peke yako. La Marekani, hasa mwaka wa kwanza, ni chumba kimoja na mtu usiyemjua, na vyuo vingi hukulazimisha kununua pia mpango wa chakula cha kantini. Usibebe shuka. Vitanda vya mabweni mengi vina urefu wa sentimita 203, cha mtu mmoja cha Uingereza ni 190, na shuka ya nyumbani itaishia magotini.

Ukipanga nje, tuchukue chumba cha 1,200 kwa mwezi, kwa pauni au kwa dola, tulinganishe masharti tu. England sheria ya mwaka 2019 inazuia amana isizidi kodi ya wiki tano, kwa hiyo siku ya kuingia unatoa takriban 2,585. Massachusetts mwenye nyumba anaweza kudai mwezi wa kwanza, mwezi wa mwisho, amana ya mwezi mzima na gharama ya kufuli jipya. Hapo ni 3,600 bila hilo kufuli. Zamani dalali naye alichukua kama mwezi mmoja juu yake. Tangu Agosti 2025 dalali analipwa na aliyemwajiri, kwa hiyo anayekudai wakati hukumtafuta, mkatalie. Amana ikikaa mwaka, mwenye nyumba anawajibika kukupa riba. Jambo jingine ni mdhamini, kwa kuwa wenye nyumba wengi hutaka aliyeko Marekani, na mjomba wa Reading hatasaidia.

Mikataba mingi ya Boston huanza tarehe 1 Septemba. Siku hiyo vitongoji vya wanafunzi kama Allston hujaa meza na viti vilivyotupwa kando ya barabara, na wenyeji wameibatiza Krismasi ya Allston. Chukua meza. Godoro na kochi viache hapo hapo na kunguni wake.

Je, uishi mbali, katika miji ya jirani kama Malden au Quincy? Pasi ya mwezi ya treni za chini ya ardhi na mabasi ni dola 90. Ikiwa kodi haishuki kwa zaidi ya hapo, hujaokoa chochote, na baridi ya Januari kituoni bado hatujaihesabu.

Vyombo vya umeme acha. Plagi ya Uingereza ni ile ile ya pini tatu za bapa ya Nairobi na Dar es Salaam, na soketi ya Marekani haiijui, lakini tatizo kubwa ni nguvu: volti 120 badala ya 230. Birika la wati 3,000 litafanya kazi kwa kama robo tu ya uwezo wake. Nunua la huko, nalo huchemka polepole, uzoee. Chaja za simu na kompyuta hukubali volti zote mbili, zinataka kibadilishi cha plagi tu.

Kwenye pesa, bandu bandu huisha gogo. Akaunti ya kawaida ya Marekani inaweza kukukata ada kila mwezi, kwa hiyo omba ya wanafunzi, na uende na pasipoti na ile fomu ya viza uliyotumiwa na chuo (I-20 kwa mwenye F-1). Wenye nyumba bado wanapokea hundi za karatasi. Historia yako ya mikopo ya Uingereza haivuki bahari, basi anza na kadi ya mkopo ya kuwekea dhamana. Laini ya simu iwe ya kulipia kabla, na namba ya Uingereza uihifadhi hai kwa kuwa benki ya nyumbani itaendelea kutuma misimbo huko.

Bei ya rafuni haina kodi ndani yake. Boston ni asilimia 6.25, na chakula cha kupika hakitozwi, wala nguo isiyozidi dola 175. Ni chini ya asilimia 20 za Uingereza, ila unaiona. Mgahawani ndiko kunakouma: mlo wa dola 20 unaongezewa kodi ya asilimia 7 na bakshishi ya asilimia 20, unakuwa dola 25.40. Bakshishi si hiari kama ulivyozoea, maana sheria ya Massachusetts inaruhusu mhudumu alipwe dola 6.75 kwa saa akitegemea meza zake zijazie.

Vitabu, kinyume cha shuka na birika, vibebe. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa haki Supap Kirtsaeng, Mthailandi aliyesoma Cornell na kuuza Marekani vitabu halali vya bei nafuu vilivyochapwa ng'ambo. Toleo la Uingereza ni halali darasani, ila hakikisha somo halidai msimbo wa mtandaoni unaouzwa na toleo la Marekani pekee.

Mwenye F-1 anaruhusiwa kufanya kazi chuoni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Usiiweke kazi hiyo kwenye bajeti ya kodi ya nyumba, kwani kodi ya mwezi wa kwanza na wa mwisho inadaiwa kabla hujapata mshahara wowote.