Anajua la kufanya, lakini halifanyiki

Ni mwezi wa Shaaban. Mama mmoja amekaa jikoni akihesabu kwa vidole siku za Ramadhani iliyopita alizokula kwa sababu ya hedhi. Je, zilikuwa sita au saba? Na katika hizo, ameshalipa ngapi? Mwaka mzima alikusudia kuzilipa Jumatatu na Alhamisi. Hakudharau. Kila juma ilimjia akilini kwamba leo ni Alhamisi saa tatu asubuhi, akiwa ameshakunywa chai. Nia ya funga ya qadhaa huwekwa usiku, kabla ya Alfajiri. Kukumbuka saa tatu hakumfai kitu. Na wakati anahesabu hivyo, wali unaungua.

Nje ya jiko huitwa mzembe. Mumewe amechoka kuuliza zilipo stakabadhi za ada ya shule. Mama mkwe husema kwa sauti ya chini kwamba hakufundwa. Naye mwenyewe, usiku, hujiuliza swali zito zaidi: kama moyo wangu una imani, mbona hata hili linanishinda?

Mama huyu tumemchora kwa mfano tu, lakini wapo wanawake wengi watakaojitambua kwake, na baadhi yao wana hali ambayo madaktari huiita kwa kifupi ADHD. Wengi wetu tukiisikia humfikiria mtoto wa kiume asiyetulia darasani. Kumbe kiini chake si utukutu. Mtaalamu wa Marekani Russell Barkley, aliyeitafiti hali hii kwa miaka mingi, amekuwa akieleza kwamba mwenye ADHD hakosi elimu ya jambo. Anakwama katika kulitenda kwa wakati wake.

Ndugu msomaji, ifikirie shughuli ya harusi. Mchele upo, wapishi ni hodari, kuni zimekwisha kupasuliwa. Lakini kama hakuna msimamizi wa kusema sasa washa moto, sasa peleka viti, wageni watafika na sufuria ni baridi. Ubongo nao una usimamizi wa namna hiyo, unaotegemea sana sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso: kuanza kazi, kupanga lipi litangulie, kushika jambo moja akilini huku ukifanya jingine, kukadiria muda, kuzuia hasira isitangulie ulimi. Kwa mwenye ADHD msimamizi huyo huchelewa kazini. Wapishi wanalaumiwa bure. Na hali hii kwa sehemu kubwa hurithiwa; si ajabu mama akaitambua kwake baada ya mwanawe kupimwa.

Kwa nini wasichana hawaonekani? Katika madrasa, mvulana anayeruka juu ya jamvi humfikia ustadhi mara moja. Msichana aliyefungua juzuu lake kwa utulivu, macho dirishani, akili imeshafika baharini, hamsumbui mtu. Ndiyo maana utotoni wavulana wanaotambuliwa huwa wawili au watatu kwa kila msichana mmoja, ilhali kwa watu wazima tofauti hiyo hupungua sana. Msichana huyo hujifunza kuficha: hukesha kumaliza kazi ya wiki nzima kwa usiku mmoja, hucheka anapotaniwa. Nyumbani mama yake ndiye anayempangia siku. Kisha anaolewa, na ghafla anatakiwa awe msimamizi wa watu sita. Hapo ndipo mambo huporomoka, na watu husema ndoa imembadilisha.

Homoni nazo zina sehemu yake. Estrojeni ikishuka, kama siku za kabla ya hedhi, baada ya kujifungua na katika umri wa kukoma hedhi, wanawake wengi wenye ADHD husema usahaulifu wao huzidi.

Tuseme wazi jambo la dini, maana ndilo linalowaumiza zaidi. Mtume wetu (S.A.W.) alipata kutoa salamu baada ya rakaa mbili katika Sala ya rakaa nne; Dhul-Yadayn akamuuliza, naye akaikamilisha na kusujudu sijda mbili za kusahau. Sheria iliyoweka sijda kwa ajili ya kusahau haimhesabu msahaulifu kuwa mnafiki. Bibi Aisha (R.A.) naye alikuwa akizilipa funga zake Shaaban. Kwa madhehebu ya Shafi, anayechelewesha mpaka Ramadhani nyingine bila udhuru hulipa pia kibaba cha chakula kwa kila siku. Kama hali hii ni udhuru, hilo na aulizwe shehe, na aelezwe habari yote bila haya. Kusomewa Qur'ani ni kheri. Kumpeleka mwanamke kwa mganga akapigwe ili jini atoke ni dhulma.

Nyumbani, dawa ya kwanza ni kuacha kuitegemea kumbukumbu. Adhana hutangaza kuingia kwa wakati wa Sala, haitangazi kutoka kwake. Basi simu ilie tena nusu saa kabla wakati haujatoka. Siku za qadhaa ziandikwe ukutani na kufutwa moja moja. Afunge pamoja na wifi au binti yake, wakumbushane nia usiku. Mume naye, badala ya kuuliza kwa nini hukufanya, akae naye dakika kumi kazi ianze. Mara nyingi kuanza ndiko kugumu.

Zipo pia dawa za hospitali, kama methilifenideti, zinazowasaidia wengi. Hutolewa na daktari pekee, naye aambiwe kama mwanamke ni mjamzito au ananyonyesha, na aulizwe mapema kuhusu saa za kumeza dawa katika Ramadhani. Daktari wa afya ya akili atataka kwanza kujua kama tatizo si sonona, upungufu wa damu, tezi ya shingo au kukosa usingizi tu. Atauliza pia habari za utotoni, kwa kuwa mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 unataka dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12. Kwa hiyo anayekwenda achukue ripoti zake za shule ya msingi kama zimesalia, na afuatane na mama yake au shangazi aliyemlea.