Mabaharia wa Matanga katika Visiwa vya Tuamotu

Katikati ya Bahari ya Pasifiki, mbali na kila bara, kuna visiwa karibu 80 viitwavyo Tuamotu, vilivyo chini ya Ufaransa. Mwaka 1768 baharia Mfaransa Bougainville aliviita Visiwa vya Hatari, wala hakukosea. Karibu vyote vimeinuka mita chache tu juu ya maji: baharia huona kwanza vichwa vya minazi, na akiiona nchi yenyewe amekwisha kuukaribia mwamba.

Karibu kila kisiwa ni kama pete ya matumbawe iliyozunguka ziwa la maji ya chumvi. Charles Darwin, aliyepita huko mwaka 1835, alifikiri kwamba mlima wa moto ulizama polepole, na vidudu vya matumbawe vikazidi kujenga kuelekea juu kwenye mwanga. Mwaka 1952, huko Enewetak katika Visiwa vya Marshall, watu walitoboa matumbawe zaidi ya mita 1,200 wakafikia jiwe la volkeno. Kumbe alisema kweli!

Siku hizi, kila mwaka, mashua za matanga hufika Tuamotu zikitoka Panama na visiwa vya Marquesas, nyingine zimechukua mume, mke na watoto wao. Wengi hutia nanga Fakarava, karibu na mlango wa kusini uitwao Tumakohua. Hapo, katika kijiji cha Tetamanu, lingali kanisa dogo la Kikatoliki lililojengwa kwa mawe ya matumbawe katika karne ya 19.

Mabaharia hao, waliokuwa wageni jana, leo huingia majini pamoja. Huvaa miwani ya maji, mrija wa kupumulia na mapezi ya mpira, wakaachilia mkondo uwachukue. Hungoja maji yanayoingia ziwani, kwa maana mkondo unaotoka humtupa mtu katika bahari kuu. Mmoja wao hushika kamba ya kimashua, nacho huelea pamoja nao. Chini yao papa wa kijivu hupita kwa mamia, na kwa kawaida hawamgusi mtu. Wakati wa mwezi mpevu wa Juni au Julai, chewa wengi hukusanyika mlangoni kutaga mayai.

Wasomaji wetu watadhani papa ndio hatari kubwa. Sisi twaiogopa zaidi hatari isiyo na meno. Kijana atakaye kuzama kwa muda mrefu huvuta pumzi nyingi kwa haraka kabla ya kuzama. Kwa kufanya hivyo hupunguza kaboni dioksidi mwilini, nayo ndiyo impayo mtu hamu ya kupumua. Basi oksijeni yaisha, yeye haoni shida yoyote. Anapopanda juu huzimia ghafula, bila kupiga kelele, bila kutapatapa. Hata vijana wetu wanaoshindana kuzama katika Ziwa Tanganyika yaweza kuwapata, hata kama ni waogeleaji hodari.

Wazamiaji wa lulu wa Tuamotu waliijua pia taravana, ugonjwa wa kuzama mara nyingi mno bila kupumzika: kizunguzungu, kupooza, hata kifo.

Kwa hiyo mabaharia wenye busara huzama wawili wawili, kwa zamu. Mmoja yuko chini, mwenzake yuko juu, amemkazia macho. Na yule wa chini akiisha kutoka, mwenzake humtazama bado nusu dakika nzima, kwa kuwa wengine huzimia wakiwa wamekwisha kutoa kichwa majini. Ndipo wabadilishane.